SIMAMA!

Mazungumzo ya redio. Somo: Hesabu 22:21–35

  Leo twataka kuzungumza juu ya neno moja tu, neno fupi ambalo hata mtoto wa shule ya chekechea analijua. Neno lenyewe ni hili: Simama.

Neno hili twakutana nalo kila siku. Tukiwa mjini twaliona katika taa nyekundu kwenye njia panda. Tukiwa barabara kuu twaliona katika kibao chekundu chenye pembe nane, mahali ambapo njia ndogo yaingia katika njia kubwa. Barabara ikiwa inatengenezwa, twamwona mtu aliyesimama katika vumbi akiinua bendera nyekundu. Mahali pengine ni mkono tu wa askari wa trafiki, umeinuliwa juu, na magari yote, makubwa kwa madogo, yanatii mkono ule mmoja. Ishara ni nyingi, lakini neno ni lile lile.

Kwanza na tuangalie ishara yenyewe, maana si vizuri kukimbilia fumbo kabla ya kukijua kitu chenyewe. Taa ya kwanza ya kusimamisha magari iliwekwa London, karibu na majengo ya Bunge la Uingereza, mwezi wa Desemba 1868. Wakati huo hapakuwa na motokaa, palikuwa na magari ya farasi. Aliyeibuni alikuwa mtu wa reli, John Peake Knight. Mchana ilitumia mikono ya kuinuliwa na kushushwa, na usiku ilitumia taa za gesi, nyekundu na kijani, na polisi alisimama hapo kuigeuza. Haikudumu. Mwanzoni mwa 1869 gesi ilivuja, taa ikalipuka, na polisi aliyekuwa akiitumia akaumia. Miaka mingi ikapita. Mwaka 1914, katika mji wa Cleveland nchini Marekani, ziliwekwa taa za umeme, nyekundu na kijani. Mwaka 1920, polisi mmoja wa Detroit, William Potts, alitengeneza taa ya rangi tatu kwa ajili ya njia panda, akaongeza ile ya manjano katikati. Na mwaka 1923 Garrett Morgan, mvumbuzi Mmarekani mweusi aliyetoka katika ukoo uliojua utumwa, alipata hati ya serikali kwa ishara yake ambayo iliweza kusimamisha magari ya pande zote kwa wakati mmoja, ili njia panda ibaki tupu kabla ya upande wowote kuondoka, na waendao kwa miguu wavuke.

Na kwa nini rangi nyekundu? Rangi hiyo ilitoka katika reli. Nuru nyekundu ina mawimbi marefu kuliko nuru nyingine zote tunazoweza kuziona kwa macho, nayo hutawanyika hewani kidogo kuliko nyingine. Tena mahali pake ni palepale siku zote: katika taa za kusimama wima nyekundu huwa juu, hata mtu ambaye macho yake hayatofautishi rangi aweza kujua kwa kuangalia ni taa ipi inayowaka. Na kile kibao cha pembe nane kina umbo lake la pekee, hata ukikiona kwa nyuma, au kikiwa kimepakwa matope, wakitambua. Waliozitengeneza ishara hizi walifikiri sana ili asiwepo mtu wa kusema, "Sikuona."

Sasa, ndugu, na tuangalie neno lenyewe katika lugha yetu. Lugha nyingine zina neno moja la kuacha kwenda, na neno lingine la kuwa wima kwa miguu. Kiswahili chetu kina neno moja kwa yote mawili. Mwalimu akiingia darasani watoto husimama, maana yake wanainuka. Gari likifika kituoni husimama, maana yake linaacha kwenda. Tena kutokana na neno hili twapata msimamo, yaani lile jambo ambalo mtu halibadilishi hata akisukumwa. Twapata msimamizi, yaani mtu anayetunza kazi ya wengine. Twapata kusimama na mwenzako, yaani kutomwacha peke yake siku ya taabu. Basi lugha yetu yatufundisha jambo ambalo watu wengi hawalifikiri. Mtu anayesimama hakuanguka. Mtu anayesimama hakushindwa. Yuko wima, ana nguvu zake, naye amejitawala. Dunia yatuambia kwamba anayesimama ameachwa nyuma. Kiswahili chasema kwamba anayesimama ana msimamo.

Lakini kuna jambo jingine katika historia ya reli ambalo twataka mlishike vizuri. Katika siku za zamani za reli, taa nyekundu ilikuwa na maana ya kusimama, kama leo. Lakini taa ya kuruhusu kwenda haikuwa ya kijani. Ilikuwa nyeupe. Kijani kilikuwa cha tahadhari. Basi ikaonekana ya kwamba mpango huo una hatari kubwa. Ile taa nyekundu ilikuwa ni taa ya kawaida tu iliyo nyuma ya kioo chekundu. Kioo kile kikivunjika na kuanguka, nuru iliyobaki ilikuwa nyeupe. Dereva wa gari la moshi akija kwa mbali usiku aliona nyeupe, akadhani njia ni wazi, akaendelea kwa mwendo wake wote, na kumbe mbele kuna hatari. Ndiyo maana watu wa reli wakauacha mpango ule, na kijani kikawa ndicho cha kuruhusu.

Mwaona hatari hiyo, wapendwa? Taa haikuzimika. Iliendelea kuwaka vizuri. Kilichovunjika ni kioo tu, na kioo kilipovunjika, katazo likageuka kuwa ruhusa. Dhamiri ya mwanadamu yaweza kuwa hivyo. Mara ya kwanza mtu anapopokea hongo mkono hutetemeka, na usiku hapati usingizi. Hiyo ni taa nyekundu. Mara ya pili hutetemeka kidogo. Mara ya kumi hatetemeki tena. Naye hujisemea moyoni, "Mbona sioni ubaya wowote? Mbona nina amani?" Ndugu, si kila amani ni njia iliyo wazi. Pengine kioo kimevunjika. Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Timotheo, mlango wa nne, aliwataja watu ambao dhamiri zao ni kama zimechomwa moto, hazisikii tena. Mtu wa namna hiyo hahitaji taa nyingine. Ahitaji kurudishiwa kioo chake.

Na sasa twafika kwenye somo letu. Balaamu alipanda punda wake akafuata safari aliyoitamani, maana mfalme Balaki wa Moabu alikuwa amemwahidi heshima kubwa. Malaika wa Bwana akasimama njiani na upanga mkononi. Balaamu, aliyejulikana kuwa mwonaji, hakuona kitu. Punda aliona. Mara ya kwanza punda akageuka akaingia shambani, akapigwa. Mara ya pili, katika njia nyembamba kati ya mashamba ya mizabibu, yenye ukuta huku na ukuta huku, akajibana ukutani na kuusonga mguu wa Balaamu, akapigwa tena. Mara ya tatu walifika mahali pasipo nafasi ya kugeuka kulia wala kushoto. Punda akalala chini, akapigwa kwa fimbo. Ndipo Mungu akakifungua kinywa cha mnyama yule, akauliza amekosa nini hata apigwe mara tatu. Na Balaamu, kwa hasira yake, akasema kama angekuwa na upanga angemwua. Maskini Balaamu! Alikuwa akitamani upanga, na upanga ulikuwa mbele yake hatua chache tu, umekwisha kufutwa, wala haukuwa kwa ajili ya punda.

Twajifunza mambo mawili hapa. La kwanza: angalieni jinsi nafasi ilivyozidi kupungua. Mara ya kwanza palikuwa na shamba zima la kugeukia. Mara ya pili palibaki njia nyembamba, na maumivu ya mguu. Mara ya tatu hapakuwa na nafasi kabisa. Anayepuuza onyo la kwanza hulipata la pili mahali pembamba zaidi.

La pili: tusishangae kama Mungu akitusimamisha kwa mkono wa mtu tunayemwona mdogo. Yule askari mwenye bendera nyekundu barabarani, aliyejaa vumbi, pengine ni kibarua wa siku moja. Lakini dereva wa gari la thamani akimdharau, shimo lililo mbele halitamwuliza cheo chake. Vivyo hivyo nyumbani. Mke amwambia mumewe, "Baba Fulani, mkopo huu hatutauweza." Mumewe amkaripia. Mtoto amwambia baba, "Baba, jana ulinywa tena." Ampiga. Karani mdogo ofisini asema, "Mzee, hesabu hizi hazilingani." Ahamishwa. Ni wangapi kati yetu wanaompiga punda, na huku malaika amesimama njiani? Daudi alikuwa na hekima kuliko Balaamu. Katika 1 Samweli mlango wa 25 twasoma jinsi alivyokuwa njiani na watu mia nne wenye panga, akienda kuangamiza nyumba ya Nabali kwa sababu ya tusi. Abigaili, mke wa Nabali, akamlaki njiani akamsihi. Daudi hakuona haya kusimamishwa na mwanamke mbele ya jeshi lake. Alimshukuru, akamhimidi Mungu kwa kumtuma, akarudisha upanga wake. Kwa kusimama kule, watu wengi waliamka asubuhi wakiwa hai.

Labda mtu mmoja asema, "Mimi naweza kusimama wakati wowote nikitaka." Dereva mwenye mwendo wa kasi hudhani hivyo pia. Lakini gari lina sheria zake, nazo hazimwogopi mtu. Kitabu cha sheria za barabara cha Uingereza chaeleza kwamba gari likienda mwendo wa karibu kilomita 48 kwa saa, lahitaji mita 23 kusimama: mita 9 zapita kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki, na mita 14 zaidi breki ikifanya kazi. Mwendo ukiongezwa mara mbili, ukawa karibu kilomita 96, mtu angedhani zitahitajika mita 46. Sivyo. Zahitajika mita 73, maana breki peke yake yahitaji mita 55. Mwendo ni mara mbili, lakini kazi ya breki ni karibu mara nne. Na hapo twasema barabara ni kavu, na matairi ni mazuri. Mvua ikinyesha, hesabu yazidi kuwa mbaya.

Hasira nayo ina mwendo wake. Pombe ina mwendo. Deni lina mwendo. Mapenzi ya siri yana mwendo. Kamari ina mwendo, na siku hizi kijana aweza kuicheza katika simu yake akiwa kitandani. Mwanzoni mita chache zatosha kusimama. Lakini kila siku mwendo unapoongezeka, nafasi ya kusimamia yahitajika kubwa zaidi kuliko tunavyodhani. Wengi walioharibikiwa hawakukusudia kupita taa nyekundu. Waliiona, wakakanyaga breki kwa nguvu zao zote, lakini walikuwa wamechelewa. Wazee wetu walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kwa hiyo, ndugu, jambo la kuomba si breki kali tu. Na tuombe pia mwendo wa kiasi.

Hapa ndipo penye kazi ya taa ya manjano. Maana yake ni jitayarishe kusimama, isipokuwa kama umekwisha karibia mno hata kusimama kwa ghafula kungekuwa hatari. Lakini sote twajua inavyotumiwa. Dereva akiona manjano, huongeza mwendo. Kile kilichowekwa kumwonya kinakuwa kama baragumu ya mashindano. Ndivyo wengi wanavyoyatumia maonyo ya Mungu. Daktari amwambia mtu apunguze jambo fulani, naye alifanya kwa wingi zaidi kabla ya kuacha, eti ni mara ya mwisho. Mara za mwisho huwa nyingi, mpaka ifike ile ya mwisho kweli.

Sasa twataka kusema jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote. Mtu anaposimamishwa na taa nyekundu huona kana kwamba amenyimwa haki yake. Hutazama saa, hupiga honi. Lakini ainue macho aangalie upande wa pili. Nyekundu yake ni kijani cha mwenzake. Saa ile ile ambayo yeye amesimama, mama mwenye mtoto mgongoni anavuka. Mzee mwenye fimbo anavuka. Mtu wa mkokoteni, ambaye hana injini wala honi, anapita kwa sababu magari yenye nguvu yamekubali kumngoja. Taa nyekundu haikuwekwa kwa ajili ya kututesa. Imewekwa kwa sababu barabara si yetu peke yetu.

Sabato nayo ilikuwa hivyo. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa tano, Mungu aliwaamuru Israeli waache kazi siku ya saba, na sababu moja aliyoitaja ni kwamba mtumwa wao na mjakazi wao nao wapate kupumzika. Tajiri asipoacha kazi, mtumishi wake hawezi kuacha. Kwa hiyo mwajiri asiyejua kusimama hajidhuru yeye peke yake. Mama mwenye nyumba, je, msichana anayekusaidia kazi ana saa ya kulala?

Hili latufikisha barabarani kwetu, na hapa twapaswa kusema waziwazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu kama 1,190,000 walikufa duniani katika ajali za barabarani. Hapa Kenya peke yake, mwaka 2023 walikufa zaidi ya watu 4,000. Sheria tunazo. Sheria ya Trafiki, sura ya 403, iko. Mwaka 2004, wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, zilianza kutumika kanuni za mikanda ya kiti na vidhibiti mwendo katika matatu, kilomita 80 kwa saa. Basi kwa nini makanisa yetu yangali yanazika?

Ni rahisi kumlaumu dereva. Naye ana lawama yake, hatumwondolei. Lakini ndani ya gari lile kuna abiria, na wengine wao wanatusikiliza sasa. Dereva akisimama kwenye taa usiku, na barabara yaonekana tupu, ni nani wanaosema, "Twende, dereva, hakuna mtu"? Ni abiria. Dereva akipita magari mengine kwenye kona, ni wangapi wanaofungua kinywa? Abiria wamekaa kimya na Biblia mapajani, wakienda mkutano wa maombi. Tena kuna mtu ambaye hayumo garini kabisa. Huyo ni mwenye gari. Amelala nyumbani kwake salama, pengine ni mzee wa kanisa, lakini kila jioni adai hesabu ya fedha ambayo haiwezi kupatikana kwa mwendo wa halali. Mtu huyo hakukanyaga mafuta kwa mguu wake. Lakini kwa hesabu ile amemsukuma dereva kupita taa nyekundu tangu asubuhi hata usiku. Twamsihi ndugu huyo, kwa upole na kwa upendo, apige hesabu yake upya leo. Mungu atamwuliza habari za kijana yule, na za abiria wake.

Na wale wanaosimama tu wakati askari yupo, Neno la Mungu lina jambo la kuwaambia. Katika Warumi 13:5 Mtume Paulo afundisha kwamba mtu atii, si kwa kuogopa adhabu tu, bali kwa ajili ya dhamiri pia. Askari hawezi kuwapo kila njia panda saa nane ya usiku. Ukristo wa mtu hupimwa saa nane ya usiku, taa ikiwa nyekundu, na barabara ikiwa tupu.

Lakini haitoshi kusema juu ya wale wasiosimama. Kuna na wale wanaosimamisha wengine bila haki. Mtu akiweka gogo barabarani usiku ili magari yasimame, huyo si askari, ni mnyang'anyi. Kanisani nako magogo ya namna hiyo yapo. Wanafunzi waliwazuia watoto wasimkaribie Yesu, naye akachukizwa, kama tusomavyo katika Marko mlango wa kumi. Katika mlango ule ule, watu wengi walimkemea Bartimayo kipofu, anyamaze. Walimwonyesha taa nyekundu ambayo Bwana hakuiweka. Tujihoji basi. Binti aliyezaa nyumbani akija ibadani, anakutana na nini mlangoni? Mtu aliyetoka gerezani, je? Kijana anayeuliza maswali magumu, anajibiwa au ananyamazishwa? Ishara ya kusimama ni ya kulinda uhai. Ikitumika kumfungia mtu njia ya uzima, haikutoka kwa Mungu.

Na Bwana alifanya nini aliposikia sauti ya Bartimayo? Marko aandika jambo dogo ambalo ni rahisi kulipita: Yesu alisimama. Alikuwa njiani kwenda Yerusalemu, kwenye msalaba. Hakuna mtu aliyewahi kuwa na safari kubwa kuliko hiyo. Lakini maskini mmoja alipiga kelele kando ya barabara, na Bwana akasimama, akaagiza aitwe. Katika ule mfano wa Msamaria, kuhani na Mlawi nao walikuwa na safari zao. Waliona, wakapita. Pengine walikuwa wakiwahi kazi njema. Msamaria peke yake ndiye aliyesimama. Majirani, mtu aliyeumia ni taa nyekundu. Ukimwona, safari yako yote ingojee.

Mwisho, wapendwa, tusisahau kwamba taa nyekundu haiwaki milele. Kuna wasikilizaji wetu ambao leo wamesimamishwa, nao si kwa kosa lolote. Mmoja amepoteza kazi. Mwingine ameambiwa na daktari alale miezi mitatu. Msichana amekosa karo ya shule, na wenzake wamekwenda mbele. Mnauliza, "Mbona Mungu amenifungia njia?" Someni Matendo ya Mitume, mlango wa 16. Paulo na wenzake walitaka kulihubiri Neno katika Asia, Roho Mtakatifu akawakataza. Wakajaribu kwenda Bithinia, hawakuruhusiwa. Mara mbili nyekundu, na kazi yao ilikuwa kazi ya Mungu mwenyewe! Wakateremka hata Troa, wakangoja kando ya bahari bila kujua watakwenda wapi. Hapo, usiku, Paulo akaona katika maono mtu wa Makedonia akimwita avuke awasaidie. Kama angelilazimisha njia ya Asia siku ile, asingalikuwa Troa usiku ule.

Hatuwezi kukuambia taa yako itageuka lini. Lakini anayeishika ni Mungu anayeona pande zote za njia panda, na wewe waona upande mmoja tu. Simama, lakini usizime injini ya imani yako. Endelea kuomba, endelea kufanya lile dogo ulilo nalo mkononi, kesha ukitazama. Na njia ikifunguliwa, usibaki umesimama kwa woga, maana kuna wengine nyuma yako wanaongoja uende.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyemfungua macho Balaamu, utufungue macho na sisi kabla hatujafika mahali pembamba. Uturudishie kioo cha dhamiri pale kilipovunjika. Uwalinde madereva wote walio barabarani saa hii, wa malori, wa mabasi, wa matatu, wa pikipiki, na wote waendao kwa miguu. Uwafariji wale ambao nyumba zao zimeondokewa na mtu kwa ajali. Uwape abiria ujasiri wa kusema, na wenye magari moyo wa haki. Wale uliowasimamisha, uwape saburi. Wale unaowaita waende, uwape nguvu. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo, aliyesimama alipoitwa na kipofu. Amina.

Wapendwa, tumefika mwisho wa mazungumzo yetu. Mnaosafiri, mfike salama. Kwaherini, mpaka tutakapokutana tena, Mungu akipenda.